Usukani wa Kinyozi

Hebu niambie wewe unayesoma, mkono wako wa kulia ni upi? Usiutazame, unyanyue tu. Umeunyanyua? Hongera. Binti yangu naye anaujua wake tangu ana meno ya utoto, ila mumewe aliona hajui, akajipa kazi ya kumfundisha.

Mkwe wangu ni kinyozi. Mkono wake mwepesi, ndevu anazipanga vizuri, hilo simnyimi. Ila aliona kwenye simu watu wanaojiundia magari nyumbani, magari mafupi yasiyo na paa, injini iko nje kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Akasema, "Hata mimi." Akaleta fremu ya pikapu iliyokufa zamani. Mlango mpana wa kuipitisha ulikuwa mmoja tu, wa chumba cha mbele, na chumba cha mbele ndicho binti yangu alichoshonea.

"Nipishe kidogo tu, mama watoto," alisema.

Cherehani ikahamia chumbani kwao, ikabanwa kati ya kitanda na kabati. Mteja akija kupimwa anakaa kwenye kitanda cha watu, miguu juu ya ndara za baba mwenye nyumba. Nani atavumilia hayo? Wateja wakaisha kama sabuni iliyosahaulika ndani ya beseni. Nilikuwa namwona binti yangu akipita mlango wa kile chumba, anasimama, anatazama pale meza yake ya kukatia ilipokuwa, anaondoka. Nilijua anachotaka. Lakini ndoa si yangu, nami sikumzaa bubu. Nikasubiri aseme mwenyewe.

Basi ikafika zamu ya usukani. Kuna chuma kirefu wanakiita tairodi, kinaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili yageuke pamoja. Kwenye pikapu kilikaa nyuma ya ekseli, mafichoni, kama vyuma vyote vyenye adabu. Kinyozi akakisugua, akakipeleka kupakwa nikeli, kikarudi kinang'aa hata unaweza kujichokonoa meno mbele yake. Sasa kitu kizuri hivyo kifichwe? Akabadilisha vikombe vya magurudumu, vile vyuma ambavyo tairodi inashikia, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, tairodi ikaja mbele watu waione. Boksi la usukani, ndilo linaloisukuma tairodi, akaliacha vilevile, lisukume upande uleule wa zamani. Akaingia chini ya gari, miguu tu nje, akamwita mkewe akae kwenye kiti.

"Zungusha kulia!"

Binti yangu akazungusha kulia. Magurudumu yakaenda kushoto.

"Nimesema kulia!"

"Ndiyo kulia hii, mume wangu."

"Kulia kwa wapi? Mkono unaolia chakula!"

"Ndio huo huo."

Miguu ikapiga sakafu kwa hasira. Akatoka, uso mweusi kwa grisi, akachukua utepe mwekundu kwenye kikapu cha mkewe, akamfunga kifundo cha mkono kama ng'ombe wa mnada. "Huu ndio kulia. Ukisahau, tazama." Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu mlangoni nachagua mchele. Nikaokota jiwe kwenye mchele, nikalitupa nje.

Jioni akaja rafiki yake muuza matairi. Kinyozi akamweleza siri aliyoigundua. "Mwanamke ukimwambia kulia anakwenda kushoto. Basi mimi namwambia kushoto, anakwenda kulia, kazi inasonga."

"Una akili wewe," akasema muuza matairi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na kweli kazi ikasonga. Magurudumu yote wakayanyoosha, boliti zote wakazikaza, kwa hesabu hiyohiyo.

Siku ya kulitoa gari, majirani wakajaa. Walikwisha kulibatiza Kitanda, kwa kuwa halina paa wala milango. Kinyozi akavaa miwani ya jua na shati jipya. Injini ikanguruma, watoto wakaziba masikio. Barabara ilikuwa kulia. Kushoto kulikuwa na lundo la mchanga wa jirani anayejenga, na juu ya kamba, mashuka ya mke wa jirani huyo.

Kinyozi akazungusha kulia kwa mbwembwe. Kitanda kikaenda kushoto. Akaona kosa, akazidisha kulia. Kitanda nacho kikazidi kushoto, kikapanda mchanga, kikasimama pua juu, kimejifunika shuka la maua.

"Kitanda kimetandikwa!" mtu akapiga kelele. Nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka kigoda kikanitupa.

Mkwe wangu akajitoa kwenye shuka. Hakuwepo mke kwenye kiti wa kulaumiwa. Akageuza usukani polepole, akatazama magurudumu, akageuza tena. Nikaona kabisa akili ikimfikia, kama mgeni aliyepotea njia. Unadhani alisema amekosea? Thubutu!

"Ni mtindo," akawaambia watu. "Magari ya aina hii yana usukani wa kinyume. Dereva anazoea tu."

"Kazoelee mbali na mashuka yangu," akasema mke wa jirani.

Watu walipotawanyika akamsogelea mkewe, sauti imelainika kama siagi juani.

"Mama watoto, kakitu kadogo tu. Lirudi ndani, nirudishe tairodi nyuma. Nivumilie kidogo tena chumba."

Binti yangu alikuwa anakung'uta mchanga kwenye lile shuka. Akalikunja mara mbili, akamkabidhi mwenyewe, mke wa jirani. Kisha akasimama katikati ya mlango mpana, mkono mmoja huku, mmoja kule.

"Lilale nje," akasema. "Mimi nataka chumba changu cha kushonea. Nilikitaka tangu siku ile uliyoniambia nikupishe."