Uzito wa Mapipa Matatu

Pipa la petroli likijaa lilikuwa na uzito wa ratili mia tatu na sabini. Likiwa tupu, arobaini na nane. Nayajua haya kwa sababu Januari 1966 nilikuwa karani wa mizani katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na hakuna ndege ya mafuta iliyoruka kwenda Zambia bila karatasi yangu.

Rhodesia ilikuwa imeikatia Zambia mafuta mwezi mmoja kabla, na Zambia haina bahari. Waingereza wakawa wanayapeleka kwa ndege kutoka kwetu, ingawa serikali yetu ilikuwa imetoka kuvunja uhusiano nao. Wamarekani waliyapeleka kutokea Kongo. Wachina nao walikuwa wakipima njia ya reli.

“Balozi wa Waingereza kaenda zake,” alikuwa akisema Salumu, kiongozi wa wapakiaji, “mapipa yao kaniachia mimi.”

Ndege zilirudi na mapipa matupu ili tuyajaze tena. Uzito wa kurudi pia niliupanga mimi. Niliandika asubuhi, karatasi ikaenda na ndege, na karani wa Ndola, kule Zambia, akapakia kama nilivyoandika.

Jumapili tarehe 9 nilikwenda kwa baiskeli hadi Masaki, Kisarawe, kumwona mama yetu, Genoveva. Daktari wa misheni alikuwa ameshaniambia: ini, wiki mbili, pengine siku chache zaidi. Mama alitaka jambo moja tu, kumwona Alfonce, mdogo wangu na kitinda mimba wake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Kitwe na alikuwa hajarudi nyumbani kwa miaka minne.

“Hizi ndege zako zinapita hapa juu kila siku,” mama alisema. “Zinakwenda kwa Alfonce?”

“Zinakwenda Ndola, mama. Karibu na kwake.”

“Zikirudi zinabeba nini?”

“Mapipa matupu.”

“Basi si kuna nafasi ya Alfonce, Wilbrod? Na anayepanga si wewe?”

Dada yetu Laurentia, aliyekuwa akimuuguza, alicheka. “Huyo, mama, hata mtu akimwomba lifti ya baiskeli anampima kwanza.”

Jumatatu nikampelekea Alfonce simu ya maandishi. Alhamisi tarehe 13, ndege ya kwanza kurudi ilileta kikaratasi kutoka kwa Evodius, karani wa Ndola: *Ndugu yako yupo hapa uwanjani na begi moja. Nimempima pamoja nalo, ratili 144. Niandikie, apande.*

Mia na arobaini na nne ni mapipa matatu matupu, bila ratili kuzidi wala kupungua.

“Toa matatu, weka mtu,” Salumu alisema. “Sajenti wa ndege nimeshaongea naye, kaniinulia dole gumba.”

“Hii ni ndege ya mizigo. Mtu hapandi bila kibali.”

“Kibali cha nani?”

“Cha Bwana Laurean, mkuu wetu.”

“Laurean yuko Tanga mpaka Jumatatu!”

“Basi Jumatatu.”

“Karani, mama yako anaijua hiyo Jumatatu?”

Nikamwandikia Evodius neno moja: *Asubiri.* Jioni nilikwenda Masaki, nikamwambia mama kwamba Alfonce ameshafika uwanja wa Ndola na anangoja ndege. Sikumdanganya. Niliamini kibali kitatoka, kwa kuwa hesabu ilikuwa sahihi.

Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili zilirudi ndege saba. Kila moja ilikuwa na nafasi ya kubeba zaidi ya mtu mmoja. Nililijua hilo kwa sababu karatasi zote saba niliziandika mimi.

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya meza ya Bwana Laurean, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

“Kwa nini umeniuliza?”

“Ni utaratibu, mzee.”

“Ungempandisha tu, mimi nisijue. Nani angemhesabu? Sasa umeniuliza, na ukiniuliza jibu langu ni moja. Hapana.” Akavaa miwani. “Pole sana, Wilbrod. Nampa pole na mama.”

Jumanne karatasi yangu ilifika Ndola: *Haikuwezekana. Aje kwa barabara.* Alfonce aliondoka siku hiyohiyo. Barabara ya Zambia wakati wa mvua ilikuwa tope tupu, na malori yalikwama siku nzima yakisubiriana. Safari yake ilichukua siku tisa.

Mama alifariki Jumatatu tarehe 24, saa tisa alasiri. Tulimzika Jumanne. Jumatano nilipokea simu ya maandishi kutoka Iringa: NASHUKA KIBAHA ALHAMISI MWAMBIE MAMA.

Nilimngoja Kibaha tangu asubuhi. Alishuka kwenye lori la shaba baada ya adhuhuri, tope limemfika magotini.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba.”

“Mama anakula kidogo?”

“Tumemzika juzi.”

Aliliweka begi chini, akalikalia. Dereva alimpigia honi ya kumuaga, lakini Alfonce hakugeuka.

“Evodius aliniambia nisubiri,” alisema baadaye. “Nikajua kaka ameshapanga. Nililala palepale uwanjani siku tano. Hata chai sikwenda kunywa, nisije nikaachwa.”

Nilimweleza. Kama ningekataa ile Alhamisi, angeanza safari siku hiyo, na kwa siku tisa zilezile angefika Jumamosi tarehe 22, mama akiwa hai. Kama ningekubali, angefika tarehe 14. Nilimwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na alikuwa na haki ya kujua.

“Nyamaza kwanza, kaka.”

Malori mawili yalipita yakielekea Zambia.

“Alijua nakuja?”

Ningeweza kusema hapana.

“Alijua. Nilimwambia mwenyewe.”

“Akasemaje?”

“Alimwambia Laurentia akupakulie. Kila jioni sahani yako iliwekwa kando ya kitanda chake, ikafunikwa kawa, na hakuruhusu mtu aiguse mpaka asubuhi.”

“Siku ngapi?”

“Kumi na moja.”

Akaniuliza ilikuwa na nini. Nikamwambia muhogo na mchicha, na Jumapili zote mbili, samaki. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Kisha akainuka, akakataa nimbebee begi, tukaifuata njia ya kwenda Kisarawe, yeye mbele.