Mbwa Mwitu Asiye na Mkia

Tarehe sita Mei 2006, Jumamosi, siku ya Mtakatifu Georgi. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, yakafuata manyunyu, kisha jua likachungulia kama mgeni asiye na uhakika wa kukaribishwa.

Bibi Stamena aliamka na moyo mzito. Mchana watu wa ng'ambo ya mto wangekuja kumposa mjukuu wake Rosanda, na kwa desturi ya nyumba ile, mkubwa wa ukoo ndiye humega mkate pamoja na wageni. Asipoumega, hakuna posa. Na Stamena hakuwa na nia ya kuumega.

Alisimama mbele ya picha takatifu, akafanya ishara ya msalaba. "Bwana, unajua sina chuki na yule kijana. Kama nakosea, nionyeshe, ila nionyeshe waziwazi, maana mimi ni mzito wa kuelewa."

"Bibi, bado hujabadilisha msimamo?" Rosanda alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga.

"Wale ni watu wa vukodlaki, mwanangu, wageukao mbwa mwitu. Jina lenyewe limebeba mbwa mwitu ndani yake. Na sisi..."

Hakumalizia. Wao walikuwa nyumba ya vampiri. Radosav, babu wa marehemu mumewe, alisemekana kutoka kaburini usiku na kunyonya watu damu, hadi wakamfukua, na mpaka leo kulikuwa na wanawake sokoni waliojifunika shingo kwa kejeli wakimwona Stamena anapita. Mama mkwe wake alimfundisha tangu akiwa bibi harusi kwamba mbwa mwitu humrarua vampiri popote anapomkuta. Binti wa nyumba hii akiolewa kule, ataliwa.

"Hata kwenye televisheni wanapigana," alisema. "Nimewaona kwa macho yangu."

"Bibi! Ile ni sinema ya Wamarekani!"

"Basi hata Wamarekani habari zimewafikia."

Rosanda alitaka kucheka, lakini machozi yalitangulia. Alirudi jikoni kuendelea kukanda mkate.

Wageni walifika wamevaa vizuri: Vidoje, mposaji mwenyewe, mama yake Desanka, na babu yake Tihomir, mzee wa mwili mkubwa na sauti ya kuitia ng'ombe. Waliketi uani. Gvozden, baba yake Rosanda, alimimina rakia, pombe kali ya matunda, wakatakiana heri. Mkate na chumvi vikawekwa mezani. Stamena aliacha mikono yake mapajani.

Gvozden alikohoa. Akakohoa tena.

"Dada Stamena," Tihomir alisema, "mkate ndio wenye kasoro, au sisi?"

"Nisamehe, mzee wangu. Nyumba yenu ina vukodlaki."

Desanka alisimama. "Vidoje, inuka twende! Tumevuka mto kuja kutukanwa?"

"Kaa, mkwe wangu," Tihomir alisema. "Kasema kweli. Alikuwa babu yangu Mijailo, mtu wa watu, maskini. Walimzika, ng'ombe wakaanza kufa, wakasema ni yeye. Walipomfukua walimkuta amevimba, uso mwekundu. Wakamchoma kigingi cha mti wa miiba."

Stamena aliinua macho. "Walimfukua? Kwani alikuwa amekufa?"

"Sasa dada yangu, mtu mzima wa afya unamfukua wapi?"

"Na mkia je? Hakuwa akigeuka na kukimbia porini, akila kondoo?"

"Mkia!" Tihomir alimtazama mjukuu wake kama anayeomba msaada. "Babu yangu alikuwa na mguu mbovu. Huko porini angekimbiaje?"

"Kwetu vukodlaki ni mtu anayegeuka mbwa mwitu."

"Kwetu ni maiti anayeamka. Nyinyi huyo mnamwitaje?"

Stamena hakutaka kulitamka, lakini lilimtoka. "Vampiri."

Rosanda ndiye aliyeanza kucheka. Tihomir akapiga meza mpaka rakia ikamwagika. "Kumbe! Nyinyi mnaogopa tutawatafuna, sisi tunaogopa mtatunyonya, na wote ni kitu kimoja! Marehemu mama alinikataza hata kunywa maji upande huu!"

Stamena naye alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha kicheko kikamwishia. Alikuwa amekumbuka kwamba katika sala zake zote hakuwahi kumtaja Radosav.

"Mijailo wenu," aliuliza polepole, "mnamwombea?"

Tihomir alitazama chini. "Tuliona aibu. Jina lake halijawahi kusomwa kanisani."

"La wetu pia." Bwana alikuwa amemwonyesha, tena waziwazi. Wanadamu wawili walizikwa, wakafukuliwa, kisha wakasahauliwa na watu wao wenyewe.

Aliumega mkate, akachovya kwenye chumvi, akampa Tihomir nusu. Rosanda alimshika Vidoje mkono mbele ya wote, na hakuna aliyemkemea. Majirani walikuwa wamejazana kwenye uzio. Stamena alisimama ili nao wasikie.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, Rosanda anaolewa kwa baraka yangu. Na Jumamosi ya wafu, kabla ya Pentekoste, nitapika ngano ya kuwakumbuka marehemu, sufuria moja kwa wote wawili. Nitaipeleka kanisani mwenyewe, na nitamwombea Radosav na Mijailo kwa sauti, kwa majina yao. Naahidi."