Afande na Rangi ya Kijani

Siku Bienvenu alipomfunga kondoo dume mkanda wa rangi, watu wa Rubondo, kijiji cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale kando ya ziwa, waliacha madumu yao kwenye foleni ya kisima wakaja kutazama. Dume alisimama katikati yao kifua mbele, kama bwana harusi aliyebanwa na suti ya kuazima.

Mkanda huo uliachwa na Murdo, mchungaji wa kondoo kutoka Scotland. Wa kondoo kabisa, si wa kanisa, ingawa alikuja na wageni wa kanisa na Jumapili nzima watu walikuwa wanampa mkono wakingoja awabariki. Ulikuwa wa ngozi, unapita mabegani na chini ya miguu ya mbele, na katikati ya kifua unashika kipande cha rangi ya kijani, kigumu, kikubwa kama nusu mche wa sabuni. Dume akimpanda jike, kifua kinasugua, jike anabaki na kijani matakoni. Asubuhi mwenye mali anapita nyuma ya kundi na kuhesabu: huyu tayari, huyu tayari, huyu bado. Kwao Murdo mtu mmoja ana kondoo mia nne mlimani na mvua haikatiki, hakuna mwenye nafasi ya kukaa kuwachungulia.

"Ukishamfunga," Murdo alimaliza kupitia mkalimani, "uende nyumbani ukanywe chai."

Bienvenu alishika yote kichwani isipokuwa hiyo chai. Wazungu wanapenda chai, nani asiyejua?

Dume mwenyewe alitoka Mbarara. Kikundi chao kilikuwa cha familia tano, wote watu wa Kivu ya Kusini, na majike manane kwa jumla. Walichanga maharagwe na mahindi, wakauza, wakamtuma Bienvenu mjini kwa sababu ndiye aliyekuwa na koti. Nyuma ya kambi ya jeshi, kwenye nyumba za familia za askari, alimkuta mama mmoja aitwaye Angella akiuza dume mwenye kichwa cheusi na shingo nene.

"Wewe Mukongo, hii kondoo si ya kuchezea," Angella alimwambia. "Uliza mzee."

Mzee wake, sajenti Twinomujuni, alikuwa amekaa mlangoni akipiga buti dawa. "Iliniangusha," alisema bila kuinua kichwa. "Mbele ya kuruta mia mbili. Peleka mbali."

"Inaitwa nani?"

"Watoto wanaita Afande," Angella alisema. "Mimi nakataza, lakini ndiyo jina inaitika."

Bienvenu alipomwona Afande akipita mbele ya kamba ya nguo kama anakagua gwaride, alimpenda papo hapo. Hakupenda hivyo hata pikipiki. Na kwa sababu alimpenda, aliporudi Rubondo mdomo wake ulimtangulia.

"Huyu akishindwa kazi," aliwaambia wanakikundi, "mumuchinje!"

Nestor alilidaka neno hilo kabla halijafika chini. Nestor alikuwa mtunza kamba na kisu wa kikundi, na tangu mwanzo alitaka wanunue dume mwingine, mnene, wa kutoka Masha.

"Bote mumesikia?" alisema. "Yule muzungu alisema jike anarudia joto kila siku kumi na saba. Basi siku kumi na saba. Ikifika Samedi ile, na hakuna hata jike mumoja mwenye kijani, tunakula Afande. Kichwa ni cha mama-mukwe wangu, nimeshamuahidi."

"Kijani utaona mupaka utachoka macho," Bienvenu alijibu.

Kesho yake alianza kazi. Alibeba kigoda na mwavuli hadi malishoni, akakaa hatua tatu kutoka kwa Afande, akamkazia macho. Hakutaka kukosa kitu. Kanisani Bienvenu aliimba besi, na akaona si vibaya kumtia mnyama moyo kwa wimbo. Akaimba. Afande akamtazama. Jike mmoja akajisogeza, akageuza mkia, akasimama akingoja. Afande akamnusa. Bienvenu akaruka kutoka kwenye kigoda, akapiga makofi.

"Endelea, Afande! Usiogope! Niko hapa!"

Afande akageuka akaenda kula majani.

Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, na ya sita. Saa sita mchana Bienvenu alikwenda nyumbani kula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu cha kwao, akalala kidogo, akarudi saa nane. Kila aliporudi alimkuta Afande amejitupa chini, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka. Bienvenu alimfunika kwa mwavuli. Jua la Nakivale si la mchezo, hasa kwa mnyama aliyezoea Mbarara. Hata kile kipande cha rangi kilikuwa kinapungua kila siku, na hilo nalo Bienvenu alilitia kwenye hesabu ya jua. Linayeyusha.

Majike yalibaki safi kama mashuka ya zahanati.

Lakini kijani kilikuwa kinaonekana kwingineko. Afande alipenda kujikuna kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoanikwa nje, na Jumapili ya pili Pasta Yonatani alihubiri saa nzima juu ya usafi wa moyo, akigeuka kila mara kuandika mistari ubaoni, na kila alipogeuka safu ya kina mama ilijiziba midomo kwa vitenge. Mwalimu wa kwaya naye alipata. Mama mmoja muuza dagaa alipata pande zote mbili. Watu wakaanza kukaguana nyuma kabla ya kutoka nyumbani, na waliokutwa na kijani waliulizwa watazaa mwezi gani.

"Baba Gad," alisema Orpa, mke wa Bienvenu, akifua suruali, "Rubondo muzima umepandwa. Bakondoo tu ndio babado."

Siku ya kumi na sita Bienvenu hakugusa chakula cha mchana. Nyumba ya tatu kutoka kwake Nestor alikuwa ananoa kisu juu ya jiwe, shwaa, shwaa, huku akipiga mluzi, na mama-mukwe alikuwa amekwisha kufika na sufuria yake mwenyewe. Saa nane Bienvenu alirudi malishoni na kumkuta Afande amelala chali kama mlevi. Alimtazama kile kichwa cheusi. Akakiona ndani ya sufuria. Machozi yakamlenga.

Basi akamfungua mkanda, akachomoa kilichobaki cha rangi, akapiga magoti nyuma ya jike wa kwanza.

"Samahani, mama," alimwambia, akasugua.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Jike wa pili alimpiga teke la goti. Wa nne alimnyea mkono. Alipofika kwa wa sita alisikia sauti za wanawake wakirudi kutoka kisimani, akaanza kukimbizana na matako bila kuangalia vichwa: saba, nane, tisa. Akamrudishia Afande mkanda na rangi yake, akakaa kwenye kigoda, akafungua mwavuli na kuimba ubeti wa pili.

Jumamosi asubuhi wanakikundi wote walikuja na wake zao. Mama-mukwe alikuja na sufuria. Bienvenu alikuwa amevaa koti lile la Mbarara.

"Muangalie wenyewe," alisema, akinyoosha mkono kama anayefungua duka. "Muheshimu Afande."

Watu waliona kijani, wakapiga vigelegele. Mmoja akampa Bienvenu mkono. Nestor alizunguka nyuma ya kundi taratibu, akachuchumaa, akainama hadi pua ikakaribia manyoya.

"Papa Bienvenu," aliita. "Hii kijani iko na vidole."

"Vidole?"

"Vitano. Hapa. Kidole gumba kiko huku."

"Ni… alikuwa anamushika," Bienvenu alisema. "Asianguke."

Kicheko kilianza nyuma, kwa kina mama, lakini Nestor aliinua mkono. Alikuwa amefika kwa kondoo wa mwisho, mnene, mpole, aliyekuwa anatafuna kama hausikii mkutano.

"Na huyu ni nani?"

Bienvenu alimwona huyo wa tisa kwa mara ya kwanza. Kikundi kilikuwa na majike manane. Wa tisa alikuwa dume wa Nestor, aliyehasiwa mwaka uliopita ili anenepe kwa Krismasi.

"Huyu nilimuhasi mwenyewe," Nestor alisema, "na weye ndiye ulinishikia miguu. Afande amemupanda naye?"

Bienvenu alijibu: "Afande hachaguaga."

Hapo hata mama-mukwe alikaa chini kando ya sufuria yake kwa kucheka. Mzee mmoja aliomba maji. Lakini Nestor hakucheka. Alikunjua kamba kutoka begani.

"Basi kuna makosa mawili," alisema. "Dume ni muvivu, na muchungaji wake ni muongo. Muongo hatuwezi kumula. Lete dume."

Alimtia Afande kamba shingoni na kumvuta hadi kwenye nguzo. Bienvenu alisahau koti, akajitupa katikati, akamkumbatia dume shingo, na lile koti likapata kijani kutoka kola hadi vifungo.

"Munitoe mimi kwenye kikundi!" alilia. "Muchukue shamba langu la mihogo! Muchukue kigoda! Afande hana kosa, ni mugeni tu, hajazoea fasi ya huku!"

"Toka hapo, yaya, kaka yangu," Nestor alisema, kwa sauti ya chini sasa, maana si rahisi kumchinjia mtu mzima kondoo mikononi. "Weye mwenyewe ndiye ulisema."

Wakiwa katika kuvutana, sauti ilitoka upande wa kilima.

"Nani mwenye kijani hapa?"

Alikuwa Yayeri, Mnyankole mmoja aliyekuwa ametoka Masha kutafuta malisho na kukodi eneo ng'ambo ya kilima, nje kidogo ya mpaka wa makazi. Alivaa buti za mpira, alikuwa na fimbo ndefu, na nyuma yake lilifuata kundi la kondoo. Watu wote wa mkutano, bila kuambizana, walimnyooshea Bienvenu kidole.

"Wewe ssebo," Yayeri alisema, "hiyo mtu yako unaifundisha nini?"

"Mutu gani?"

"Hiyo! Yenye mukanda!" Alimwelekezea Afande fimbo. "Wiki mbili sasa. Kila siku, saa sita, inaruka uzio yangu. Saa nane inarudi kwenu. Haichelewi, haitoroki mapema. Hata wafanyakazi wa serikali hawafanyi hivyo. Angalia!"

Aligeuza kundi lake kwa fimbo. Majike kumi na manne yalionyesha migongo kwa watu wa Rubondo, na yote kumi na manne yalikuwa ya kijani, kijani cha kweli, kipana, kilichosambaa, kisicho na kidole hata kimoja.

Nestor aliiangalia kamba mkononi mwake kama amesahau ni ya nini.

"Saa sita?" Orpa aliuliza polepole, akimgeukia mumewe. "Si ndiyo saa weye unakuja nyumbani kula?"

"Ndiyo," Bienvenu alisema.

"Na saa nane ndiyo unarudi pale na muavuli."

"Ndiyo."

"Na unaimba."

"Kidogo tu."

"Baba Gad," Orpa alisema, "mupaka mimi ningeruka uzio."

Safari hii Nestor naye alicheka. Alicheka hadi akajishika kwenye nguzo, na mama-mukwe, akiona mambo yamegeuka, alifunika sufuria na kuuliza kama basi kuna maharagwe.

Yayeri hakuwa amekuja kugombana, ila alitaka kwanza wamsikie hasira. Dume wake mwenyewe alikufa msimu uliopita, na alikuwa anajiuliza atazalisha vipi. Akatoa shauri: Afande aje kwake mchana wazi, kwa mlango, kama mtu mwenye adabu, na majike wa Rubondo waje naye walishwe pamoja. Majike wa Yayeri wakizaa, wana-kondoo wawili majike watakuwa wa kikundi. Nestor alifungua kamba kabla hajamaliza kusema.

Ikabaki shida moja. Majike manane yalikuwa na kijani cha uongo, na kijani cha kweli kikija juu yake nani atajua? Kikundi kilijadili dakika moja tu. Bienvenu alipewa kipande cha sabuni na ndoo, akaosha matako tisa kando ya kisima, mbele ya foleni yote ya maji, akianza na yule wa Nestor. Rangi ya Scotland haitoki upesi. Ilimchukua hadi jioni, na kila aliyejaza dumu alisimama kidogo kumwelekeza alipobakiza.

Jumatatu walimruhusu kupeleka kundi kilimani, kwa sharti: kigoda kitazame upande wa ziwa, na asigeuke hata kondoo wakiitwa na Yesu. Akakaa. Aliona maji yanang'aa mbali, aliona mtumbwi, aliona ng'ombe wa watu wengine. Baada ya muda alianza kuimba, taratibu, besi ya ndani.

"Na hiyo pia!" Yayeri alipiga kelele kutoka juu. "Nyamaza!"

Bienvenu akanyamaza. Upepo ukapita kwenye majani. Halafu, nyuma yake, karibu kabisa, akasikia kwato zikikimbia, zikasimama, na mkoromo mmoja mfupi. Akashika kigoda kwa mikono miwili. Shingo ilimwasha, masikio yalimwasha, hata meno.

Akafumba macho, akaendelea kutazama ziwa.