Komeo Liko Wapi

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa nane mchana, mume wangu Duri alirudi kutoka uwanja wa shabaha amenuna, bunduki mgongoni. Alikuwa ameshalala kifudifudi, amelenga kabisa, ndipo akagundua bunduki haina komeo.

Komeo ni kile chuma cha ndani. Bila hicho, bunduki ni fimbo tu. Kwetu Uswisi jeshi ni raia wenyewe, kila mmoja na bunduki yake nyumbani, ila komeo likae mbali nayo. Mwaka mmoja Duri alilificha mwenyewe, tukalipata baada ya miezi minne ndani ya buti la theluji. Tangu hapo naficha mimi.

"Ladina, komeo liko wapi?"

"Sikumbuki," nikasema, nikaendelea kufuma.

Nilikumbuka vizuri sana. Lilikuwa chini ya sufu, kwenye kikapu miguuni pangu. Mwaka huu Duri anaagwa jeshini. Akitimiza shabaha ya leo, anaweza kuomba kibali abaki na bunduki. Asipotimiza, inarudi ghalani. Na mimi, jamani, nimechoka. Miaka kumi na minne lidude limejibanza nyuma ya makoti yangu.

Akapekua makabati. Akainama chini ya kiti changu, akaguna, akapanda darini kwenye nyama inayokaushwa. Saa tisa na nusu akakaa kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Wanafunga saa kumi," akasema. "Basi. Jumamosi zangu na kina Placi kule uwanjani ndio zimekwisha hivyo."

Nilimwonea huruma, nikajichukia kwa huruma hiyo. Nikachomoa komeo kikapuni.

"Haya, shika. Nenda zako."

Akaondoka mbio na baiskeli. Saa kumi na moja akarudi anachekacheka. Alitakiwa apate alama arobaini na mbili, kapata arobaini na tatu.

"Nilijua liko kikapuni," akasema akivua viatu. "Nilipoinama pale nilijigonga kidole. Sufu gani inaumiza kidole?"

"Sasa mbona hukulichukua?"

"Kibali kitaandikwa jina langu, lakini nyumba ni yetu wawili. Nilitaka unipe mwenyewe."

Nikasukuma kikapu pembeni kwa mguu.

"Na darini je? Saa nzima ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa nakula nyama."

Nikamwamuru arudishe vitu vyangu vyote makabatini. Alipomaliza, nikamwambia ageukie ukutani, nifiche komeo.