Kabeya na Safari ya Angani

Mama Ngoie wa mtaa wa Kapata, Kolwezi, alifiwa na mumewe Kabeya kwa simu, na kwa simu hiyohiyo akaambiwa marehemu anataka kupelekwa angani.

"Mama, tulimuchoma," alisema mwanawe Mulumba kutoka Liège, Ubelgiji, alikompeleka baba yake kutibiwa. "Huku batu benyi banafanya hivyo. Sasa kuko kampuni moja, inabeba majivu kidogo ndani ya roketi. Tata atazunguka dunia miaka mingi. Lakini siwezi kukubali bila weye."

Mama Ngoie aliegemea meza ya duka la Sadiki, maana simu ya kupokea kutoka Ulaya ilikuwa kwake tu. Kuchoma mtu jamani! Kolwezi aliyechomwa ni mwizi, au nyumba ya Mkasai mwaka ule wa tisini na tatu. Lakini Mulumba amesoma, wala si mjinga. Akamwambia apige tena Jumapili, ukoo uulizwe kwanza. Mama alipoanza kulia, Sadiki, Mwislamu mwenye adabu zake, alisindika mlango ili wapita njia wasimkodolee macho.

Huyo Kabeya alikuwa fundi umeme kiwandani, Mkasai aliyezaliwa hapohapo Kolwezi. Kasai yenyewe hakuijua hata kwa ndoto. Siasa zilipochacha, vijana wa Katanga, jimbo la Kolwezi, walipita nyumba kwa nyumba wakiwaita Wakasai bilulu, yaani wadudu, wakawarundika stesheni wangoje treni ya kwenda "kwao". Mama Ngoie, Mkatanga wa kaskazini, alitaka kupanda na mumewe. Mdogo wake Nkulu akamvuta mkono, akamshusha, treni ikaondoka na Kabeya. Nkulu alikuwa mmoja wa vijana wale, na nyumba ya shemeji yake alikuwa keshaitolea macho. Tangu siku hiyo yumo, analala chumba cha mbele. Kiwanda kimekufa, mishahara imekufa, Nkulu hajambo.

Jioni ya simu ile, Mama Ngoie akamweleza Nkulu habari za roketi. Tuseme kweli, zilikuwa zimeanza kumpendeza. Kati ya wajane wote wa Kapata, ni nani mume wake amezikwa juu ya mawingu?

Nkulu alikata tonge la bukari, akalichovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, akacheka kwa pua.

"Kubali tu, yaya," akamwambia dada yake. " Kumbe kilulu kimeota mabawa."

Mama Ngoie alichukua sufuria. Aliisugua, lakini neno lile halikumtoka. Si tusi lililomuuma, matusi alikwisha kuyazoea. Kilichomuuma ni kwamba Nkulu amefurahi. Aliyemfukuza Kabeya mjini ndiye huyu anayembariki aende angani, na hapo mama akaelewa hiyo ni safari ya namna gani.

Jumapili simu ikalia.

"Atapita juu ya Kolwezi, mama," Mulumba alimbembeleza. "Atapita tena na tena. Na hakuna mutu wa kumufukuza kule."

"Kupita alishapita. Mi nataka afike."

Mulumba alishusha sauti. "Na mi mwenye kumuleta? Batanipokea namna gani huko?"

Mama aliogopa, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Vijana wale hawakwenda popote. Wengine anasali nao kanisa moja.

"Batu sibajui," alisema. "Mi nitakupokea. Leta tata yako yote, usimubakishe hata kidogo. Ashuke mu udongo kama batu."

Mtoto akalia, mwanaume mzima. Mama alimngoja amalize, akaweka simu, akamwambia Sadiki aksanti.

Alimkuta Nkulu barazani, kioo kidogo mkononi, ananyoa ndevu.

"Shemeji yako anarudi," akamwambia. "Mulumba anamuleta. Kaburi utachimba weye."

Wembe ukasimama shavuni. "Mi? Yaya, batu batasema nini? Bote banajua ni mi njo nili..."

Akaweka kioo chini.

"Batasema Nkulu amezika shemeji yake," alisema Mama Ngoie. "Chimba, ama utoke mu nyumba yake."