Kisanduku cha Mwisho cha Nungunungu

Mume wangu Thad alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii, na kitu chenyewe si mimi. Alitaka kuwa wa kwanza kufungua kisanduku cha Nungunungu. Mtu mzima, mhasibu mstaafu, ana mvi na goti bovu, halafu usiku anaota kopo la plastiki lililofichwa chini ya kisiki!

Huku kwetu Connecticut, Marekani, ugonjwa huu huwapata hata watu wenye heshima zao. Mtu anachonga muhuri wa mpira, anautia kisandukuni pamoja na kidaftari, anakificha bustanini, kisha anatangaza mafumbo mtandaoni ili wenzake wakitafute. Ukikipata, unagonga muhuri wake kwenye daftari lako na wako kwenye daftari lake, unaandika ulikokipata, unakirudisha palepale, unaondoka kimyakimya kama mwizi. Wapita njia wasijue chochote. Majina halisi pia hayatajwi. Thad anajiita Mwewe Mpweke, na muhuri wake ni mwewe aliyemchonga kwa mkono wake mwenyewe. Ukiniuliza mimi, ni kuku aliyenyeshewa. Amemchapisha mpaka kwenye sweta, kifuani.

Nungunungu sasa, huyo alikuwa fundi. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini akichonga jani unaona mpaka mishipa yake. Kila alipoficha kisanduku, Thad alikurupuka, na kila mara ukurasa wa kwanza ulikuwa na muhuri wa Irma Kowalczyk, mama aliyepeleka barua maisha yake yote na miguu haijui kuchoka. Thad wa pili. Siku zote wa pili. Basi Nungunungu akatangaza kwamba mikono imeanza kutetemeka, na kisanduku hiki ndicho cha mwisho.

"Lorraine, amka!" Thad alinitikisa Jumamosi hiyo ya Oktoba. "Irma yuko Boston kwa dada yake, hafiki kabla ya mchana. Leo ni leo!"

"Asemaye kesho ni mwongo," nikamjibu, nikavuta blanketi. Haikusaidia kitu. Goti bovu lilihitaji dereva.

Tukamchukua na Seneta, mbwa wetu wa kuwindia sungura ambaye hajawahi kumkamata hata panya. Jina nilimpa mimi, kwa sababu analala kutwa na anakula visivyo vyake. Thad humchukua kwa ajili ya kujifichia tu. Mtu akipita wakati yeye kapiga magoti kichakani, anapaza sauti: "Haya Seneta, jisaidie basi, mzee wangu, jisaidie!" Seneta, aliyekwisha kujisaidia nyumbani, humtazama kama hamjui.

Bustani ya kwanza, ile ya kinu cha zamani, haikutusumbua. Kwenye ukuta wa mawe, nyuma ya jiwe lililolegea, kulikuwa na karatasi ya kutuelekeza bustani ya pili. Huko ya pili, kando ya bwawa, karatasi ya kutupeleka ya tatu ilikuwa chini ya daraja, na Thad alipoikamata alicheza. Kweli kabisa, alicheza, na goti lake lile. Wakati huohuo Seneta akaamua kujisaidia kwa kweli, katikati ya njia.

"Thad, mfuko."

"Hakuna muda!" Akasukumia majani kwa kiatu, majani mekundu mazuri, akafukia. "Nitarudi."

Lazima nikwambie kwamba mume wangu ni mwenyekiti wa kamati ya usafi wa bustani zote za mji huu. Yale matangazo kwenye vibao, yanayouliza eti wewe ulilelewa wapi usiyeokota kinyesi cha mbwa wako, ameyaandika yeye. Nyani haoni kundule.

Bustani ya tatu ndiyo ile yenye mti mkubwa uliopasuka shina. Mbele ya mti kuna benchi, na kwenye benchi alikuwapo bibi mmoja, blanketi magotini, chupa ya kahawa ubavuni. Thad akanisomea fumbo kwa kunong'ona: "Kwenye mti uliopasuka, tafuta kinachoonwa na wote na kisichoinamiwa na yeyote."

Tukausogelea mti. Hapo kwenye mizizi, peupe, palikuwa na mfuko wa kijani uliofungwa fundo, ile mifuko ya kuokotea kinyesi cha mbwa. Seneta, ambaye kila uchafu wa mbwa mwenzake huuamkia kama ndugu yake wa damu, aliupita bila hata kuunusa. Mimi nililiona hilo, nikadhani ana mafua.

Thad mishipa ya shingo ikamsimama. Akaunyanyua mfuko kwa vidole viwili, akaenda nao hadi kwenye benchi.

"Bibi, huu ni wako?"

"Kwa namna fulani, ndiyo," bibi akasema. Macho yalimng'aa.

"Na huoni aibu? Mtu wa umri wako! Watoto wanacheza hapa!"

"Mwanangu, ningekuwa wewe ningeurudisha ulipoutoa."

"Niurudishe!" Thad akanigeukia. "Unamsikia? Watu wa aina hii ndio wanaoharibu mji!"

Akaenda moja kwa moja kwenye pipa la chuma karibu na maegesho, akautupa, akajipangusa mikono. Mimi nilibaki pale natazama viatu vyangu kwa aibu. Bibi alijimiminia kahawa kidogo tu, na mkono wake ulitetemeka mpaka ikamwagika. Hata hapo sikung'amua kitu.

Mume wangu akarudi kuuchakura ule mti. Aliingiza mkono kwenye ufa mpaka begani, akafukua mizizi, akamfurusha kindi tunduni mwake. Jua lilikuwa linapanda, na kila gari lililosikika barabarani alidhani ni la Irma. Mwisho akakaa chini, jasho linamtoka.

"Kimeibiwa," akasema. Nikamwonea huruma, Mungu anisamehe.

"Wewe ni Mwewe Mpweke, sivyo?" Yule bibi aliuliza kutoka kwenye benchi.

Thad akageuka.

"Nimekujua kwa huyo kuku kifuani."

"Ni mwewe."

"Haya, mwewe. Kwenye visanduku vyangu huwa unagonga wa pili."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Watu wameniibia visanduku vingi," Nungunungu akaendelea, taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Nikafikiri, mfuko wa mavi nani atauiba? Sikuwahesabu wapenda usafi. Miaka yote nimesoma majina yenu tu, sijawahi kumwona hata mmoja wenu akifungua kazi yangu. Nikasema, hiki cha mwisho nitakaa hapahapa niuone uso wa mtu. Nipo tangu alfajiri." Akamtazama mume wangu. "Basi, uso nimeuona."

Thad alikwenda pipani. Ulikuwa ni mwisho wa juma, na mji wetu unapenda mbwa. Pipa lilikuwa limejaa mifuko ya kijani, yote sare, yote imefungwa fundo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliinama mpaka miguu ikaning'inia nje.

Mama mmoja akapita na kigari cha mtoto, akasimama. "Umepoteza nini, mzee?"

Siri ni siri. "Hapana, mama," sauti ilitoka ndani ya pipa. "Ukaguzi. Wa kamati."

"Mnakagua mavi?"

"Ndiyo, mama."

"Makubwa!" Akaondoka haraka, akimfunika mtoto macho.

Thad alikuwa ameshafungua mifuko kadhaa kwa mikono mitupu, na harufu yake sikuelezi, niliposhtuka. Mbwa! Nikamsimamisha Seneta mbele ya mifuko. Akanusa wa kwanza, mkia ukachezacheza. Wa pili, furaha. Wa tatu, karibu aulilie machozi. Akafika kwa mmoja, akaupita.

"Huo!" nikapiga kelele. "Thad, huo hapo!"

Ndani mlikuwa na kisanduku, kikavu, safi. Thad akakipeleka kwenye benchi kwa viganja viwili. Nungunungu hakumruhusu aguse muhuri kwa mikono ile. Mimi ndiye niliyeutoa, nikaugonga kwenye daftari la Thad. Picha yake ilikuwa benchi hilohilo, bibi amekaa, na nafasi tupu ubavuni pake. Nililia, sifichi.

"Wa kwanza ni wewe, sikunyimi," bibi akamwambia. "Pangusa mikono, andika. Ila sheria unaijua. Andika ulikokipata."

Gari dogo jekundu likaingia kwenye maegesho. Irma.

Thad akaandika mbiombio: "Chini ya mti..."

"Hapo ndipo ulipokitoa," Nungunungu akasema. "Ulikipata wapi?"

Kalamu ikasimama. Angeweza kuikwepa aibu ile na kumwachia Irma ukurasa wa kwanza. Nilimwona akilitazama gari, akiutazama ukurasa, akilitazama gari. Kisha akafuta, akaandika, akagonga kuku wake juu kwa nguvu zote: "Nimekipata ndani ya pipa la mavi ya mbwa, nilikokitupa mwenyewe. Mwewe Mpweke, wa kwanza."

Irma akafika anahema. Alisoma, akakisogeza kidaftari puani, akakitoa upesi, akacheka mpaka akashikilia benchi. Halafu akauona muhuri wa Nungunungu. Kicheko kikaisha. Aliangalia muhuri, akaangalia benchi, akamwangalia bibi, mdomo wazi kama mtoto, na Nungunungu aliutazama uso ule hata kahawa yake ikapoa. Irma akakaa kwenye ile nafasi tupu.

Mume wangu alikuwa amesimama pembeni, hakuna aliyemtaka karibu. "Nimekuwa wa kwanza, Lorraine," akaniambia.

"Hongera, baba." Nikachomoa mfuko wa kijani mfukoni mwangu, nikampa. "Sasa turudi kule bwawani. Kuna kitu chako chini ya majani."