Nyuma Zaidi

Ubapa wa chuma, mrefu kama mkono, ulibanwa upande mmoja juu ya mashine ya kutikisa. Mpimaji aliongeza kasi kidogo kidogo. Ncha ilipepea kwa upana, ikavuma, halafu ghafla ikanywea, ikabaki inatetemeka kama mtu aliyeshikwa na baridi.

Aliigusa kwa kijiti chenye mpira. Ikayumba, ikarudia kutetemeka kulekule. Imetulia, basi.

Akapunguza kasi hadi pale iliponywea. Haikupepea.

"Dada, chuma chako kimenuna," alisema fundi umeme, ambaye maabara nzima ilimwita Haraka. "Umekirudisha mlangoni, hakiingii."

"Hakijanuna, ndivyo kilivyo. Kinaponywea ni hapa, kinapoinukia ni kwingine."

"Wapi?"

"Nyuma zaidi. Tulia, wewe."

Tangu mwaka jana mpimaji na mdogo wake wa tumbo moja hawakuzungumza vizuri. Waligombania mama akae kwa nani. Mama akakaa kwa mdogo. Kila Ijumaa mpimaji alipiga simu na kuanzia palepale: "Kuhusu siku ile..." Mdogo alimjibu, "Mama hajambo," akakata. Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Mpimaji alimkumbuka zaidi alipokunja shuka peke yake: akishika pembe mbili, nyingine mbili zilianguka sakafuni, na hapakuwa na mtu wa kuziokota, wala wa kumcheka.

Akaendelea kupunguza. Alipokwisha kupita mbali pale pa kwanza, ncha iliruka, ikapepea kwa upana wake wa zamani.

"Haya! Kimekubali!" Haraka akapiga makofi.

Mpimaji alikitazama kwa muda, akazima mashine, akatoka na simu hadi kwenye ngazi. Ilikuwa Ijumaa.

"Mama hajambo," mdogo alisema.

"Nashukuru. Hivi, ile shuka ya mistari tuliyomfanyia paka bembea, nani aliichana?"

Alisubiri simu ikatwe.

"Wewe," mdogo alisema hatimaye. "Nilikwambia yule paka mnene. Ukasema mwepesi kama pamba."

"Alikuwa mwepesi."

"Alikuwa gunia, Dada!" Sauti ilitetemeka, ikawa kicheko. Nyuma yake mama aliuliza ni nani. "Ni Dada. Anabisha kuhusu paka."

Maneno ya siku ile yalimfika mpimaji hadi kwenye ulimi. Hakuyagusa.

"Na kamba," aliuliza, "tuliifunga wapi?"